Kiasi na Kujitegemea: Padri José María na Wafanyakazi wa Mondragón

Tangu katekisimu tumefundishwa fadhila nne kuu: busara, haki, nguvu na kiasi. Hiyo ya mwisho twaikumbuka mbele ya pombe, na tena wakati wa Kwaresima. Lakini tukifika sokoni, au kazini, au mbele ya sanduku la fedha za chama, twaisahau upesi. Twadhani kiasi ni jambo la mtu mmoja mezani pake, halina neno na viwanda wala na banki.

Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwasimulia habari za mji mmoja wa Ulaya ambako kiasi kiliingia kiwandani, kikakaa pamoja na mafundi, kikaandikwa hata katika vitabu vya mishahara. Watu wa mji ule walikuwa maskini, nao walijitegemea. Kisha tutawaambia pia jinsi baadhi yao walivyopita kipimo, na yaliyowapata. Habari njema tupu haimfundishi mtu.

1. Mji wenye jeraha

Kaskazini ya Hispania, katika milima iliyo karibu na Ufaransa, wanakaa Wabaske. Ni watu wa kazi, wenye lugha yao isiyofanana na lugha nyingine ya Ulaya. Katika bonde moja la nchi yao upo mji wa Mondragón, ambao wao wenyewe huuita Arrasate. Tangu zamani watu wa huko ni wahunzi na mafundi wa chuma.

Mwaka wa 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwaka Hispania, vikadumu mpaka mwaka wa 1939. Mondragón uliumia sana. Mwezi wa Oktoba 1936 paroko wa mji, Padri Joaquín Arin, alipigwa risasi na askari wa Jenerali Franco, pamoja na mapadri wengine wawili wa mji uleule. Vita vilipokwisha, wengine walikuwa wamekufa, wengine gerezani, wengine wamekimbia. Chakula kilikuwa haba, na kifua kikuu kilikuwa kikiua watu.

Ndipo tarehe 5 Februari 1941 akafika padri msaidizi kijana, mwenye miaka 25, jina lake José María Arizmendiarrieta. Alikuwa mtoto wa wakulima, aliyezaliwa mwaka wa 1915 katika kitongoji cha Barinaga. Alipokuwa na miaka mitatu alipatwa na ajali, akapoteza jicho la kushoto. Wakati wa vita aliandika katika gazeti la lugha ya Kibaske. Kwa sababu hiyo akafungwa mwaka wa 1937, akanusurika kifo. Alipopata upadri alitamani kwenda Ubelgiji, kusoma elimu ya mambo ya jamii katika chuo kikuu cha Louvain, ambacho jina lake twalijua sana sisi watu wa Kongo. Askofu wake hakukubali. Akamtuma Mondragón.

Mwanzoni watu hawakumfurahia. Walinung'unika kwamba hajui kuhubiri, na kwamba maneno yake ni magumu. Kweli hakuwa msemaji. Lakini alikuwa na saburi, na alijua kukaa na vijana wachache, kuwauliza maswali na kuwangoja wafikiri.

2. Kwanza masomo

Je, alianza na nini? Hakuanza na fedha, kwani hakuwa nazo. Alianza na masomo.

Kiwanda kikubwa cha mji kilikuwa na masomo ya ufundi, lakini yalikuwa kwa vijana wachache, hasa watoto wa wafanyakazi wake. Padri aliomba mlango ufunguliwe kwa wengine. Haikukubaliwa. Wengi wetu hapo tungekwenda kulia mbele ya serikali, au kuandika barua kwa wafadhili wa mbali. Yeye aliweka masanduku kwenye pembe za njia. Kila mtu aliyetaka mji uwe na masomo yake aliandika katika karatasi jina lake na kitu awezacho kutoa, kisha akaitia ndani ya sanduku. Karatasi kama 600 zikapatikana. Tarehe 10 Oktoba 1943 masomo yakafunguliwa, yakiwa na wanafunzi 20.

Wasomaji wapenzi, tuitazame hesabu hiyo. Watu 600 walichangia masomo ya vijana 20. Wengi wa watoaji hawakuwa na mtoto ndani. Walijua kwamba fundi mmoja akielimika, mji wote unapata faida.

Miaka ikapita. Vijana 11 kati ya wale wa kwanza walitaka kuendelea mbele, lakini hawakuwa na fedha za kukaa katika mji wa chuo kikuu. Padri akaomba ruhusa ili wajifunze nyumbani, wakafanye mitihani tu katika Chuo Kikuu cha Zaragoza. Basi mchana walifanya kazi kiwandani, jioni wakakaa na vitabu. Mwaka wa 1952 wakapata vyeti vyao.

Jumapili na siku za kazi padri aliendelea kuwakusanya kwa mazungumzo. Walisoma barua za Mababa Watakatifu juu ya kazi na mishahara: ile ya Papa Leo wa 13 ya mwaka wa 1891, na ile ya Papa Pius wa 11 ya mwaka wa 1931. Swali lao lilikuwa moja: mfanyakazi aweza namna gani kuwa mtu kamili kazini, asiwe mkono tu wa kukodiwa?

3. Jiko la mafuta

Vijana watano kati ya wale walikuwa wasimamizi katika kiwanda kikubwa cha mji. Walijaribu kupata njia ili wafanyakazi washiriki katika mali na mashauri ya kiwanda. Mlango haukufunguka. Hapo wakaacha kazi zao nzuri, wakaamua kuanza wenyewe. Majina yao yalikuwa Usatorre, Larrañaga, Gorroñogoitia, Ormaechea na Ortubay. Kwa herufi za kwanza za majina hayo walifanya jina la kiwanda chao: ULGOR.

Walihitaji fedha. Wakaenda kwa rafiki, kwa jamaa, kwa watu waliokaa nao jioni wakinywa kikombe cha divai. Watu kama mia moja wakawakopesha akiba zao. Vijana wale hawakuwa na nyumba wala shamba la kuweka rehani. Walikuwa na jina lao jema tu. Mwaka wa 1955 walinunua karakana ndogo iliyofilisika katika mji wa Vitoria, kwa sababu ilikuwa na ruhusa ya serikali. Mwaka uliofuata wakaileta kazi Mondragón. Tarehe 14 Aprili 1956 padri alibariki jiwe la kwanza la jengo lao. Walikuwa watu 24 tu, na kitu walichotengeneza kilikuwa jiko la mafuta ya taa, kama lile wanalopikia mama wengi katika miji yetu.

Hata hivyo hawakujua bado sheria ya chama chao iwe namna gani. Walifanya kazi kwanza, huku wakitafuta njia pamoja na padri. Sheria za ushirika, au kooperative kama tuzoeavyo kusema huku kwetu, zilikubaliwa na serikali mwaka wa 1959.

4. Kiasi kilichoandikwa

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Tuzitazame sheria zao kwa utaratibu.

Sheria ya kwanza: mtu mmoja, kura moja. Awe mhandisi, awe mfagiaji, sauti zao ni sawa katika mkutano mkuu. Mkutano huchagua baraza, na baraza huchagua mkurugenzi.

Sheria ya pili: mshahara wa mkubwa usipite mara tatu ya mshahara wa mdogo. Maana yake, mdogo akipata franka 100, mkubwa wa wote hapati zaidi ya 300. Mdogo alilipwa sawasawa na wenzake wa viwanda vya jirani. Mkubwa alilipwa pungufu sana, na kama angetaka angeweza kwenda mahali pengine kupata zaidi. Wale watano walioanzisha kazi walijifunga wenyewe kwa sheria hiyo. Baadaye kipimo kililegezwa, kikafika mara sita, na kwa wachache zaidi ya hapo. Lakini kipimo hakikuondolewa.

Sheria ya tatu: anayeingia huleta sehemu yake ya fedha, karibu mshahara wa mwaka mmoja wa mfanyakazi mdogo, naye aweza kuilipa polepole. Hivyo kila mmoja ni mwenye mali, wala si mgeni.

Sheria ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: faida hailiwi. Sehemu huwekwa akiba ya chama. Sehemu, isiyopungua moja kwa kumi, hutolewa kwa masomo na kwa manufaa ya mji. Sehemu inayobaki huandikwa kwa jina la kila mwanachama katika kitabu chake, lakini haichukui mpaka siku ya kuacha kazi. Fedha hiyo hubaki kiwandani, ikinunua mashine na kuwapa kazi wengine.

Sisi twajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Mavuno yakiwa mazuri, twataka karamu. Likelemba ikimfikia mtu zamu yake, mara fedha yote imekwisha kwa nguo na ngoma. Wafanyakazi wa ULGOR nao walikuwa na watoto, na walikuwa na haja. Walakini walikubali kula kidogo leo ili kijana wa jirani apate kazi kesho. Kiasi chao hakikuwa uchoyo, kwa kuwa mchoyo hujiwekea mwenyewe.

Padri mwenyewe aliishi vivyo hivyo. Hakuwa mkurugenzi wa chama chochote. Alikuwa mshauri tu. Alizunguka mji kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki ndogo.

5. Haba na haba

Mwaka wa 1959 padri akaja na shauri jipya: tufungue banki yetu. Rafiki zake walimwona kama mtu aliyepotewa na akili. Wao ni mafundi wa majiko. Wapi na banki? Yeye hakuacha. Aliona kwamba akiba za watu wa bonde zinakwenda kukaa katika banki za miji mikubwa, zinawapa kazi watu wa huko, na vijana wa Mondragón wanazifuata wakichukua masanduku yao kichwani. Basi ikaanza Caja Laboral, banki ya wafanyakazi. Wakulima, mama wa nyumbani na mafundi wakaleta kidogo kidogo. Wahenga wetu walisema: haba na haba hujaza kibaba.

Banki hiyo haikukopesha ovyo. Kundi la watu waliotaka kuanza kiwanda walikuja na shauri lao, wakalichunguza pamoja na wataalamu wa banki kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mzima, kabla ya kununua hata msumari. Kwa sababu hiyo vyama vichache sana vilianguka katika miaka ya kwanza.

Tena, kwa kuwa wanachama walihesabiwa kuwa watu wanaojiajiri, serikali haikuwapokea katika mfuko wake wa wagonjwa na wazee. Wakafanya mfuko wao wenyewe, unaoitwa Lagun Aro. Mwaka wa 1966 walianzisha kiwanda cha wanafunzi, ambamo kijana hufanya kazi nusu ya siku na kusoma nusu ya siku, akijilipia masomo kwa jasho lake. Na mwaka wa 1969 wanawake wa bonde walianza ushirika wao, Auzo Lagun, wa kupika chakula na kusafisha viwanda, wenye saa za kazi zinazowafaa mama wenye watoto. Zamani desturi ilikuwa mwanamke akiolewa aache kazi ya kiwandani.

Padri José María alikufa tarehe 29 Novemba 1976, mwenye miaka 61. Mwaka wa 2015 Papa Fransisko alikubali atangazwe kuwa Mheshimiwa, hatua moja katika njia ya watakatifu. Leo watu karibu 70,000 wanafanya kazi katika vyama vilivyotokana na lile jiko la mafuta.

6. Kipimo kilipopitwa

Tungeweza kuishia hapo, mkafurahi. Lakini tuliahidi kusema yote.

Kiwanda cha ULGOR kilikua upesi mno. Katika miaka ya 1970 kilikuwa na watu zaidi ya 3,000. Mahali penye watu 24, kila mtu anamjua mwenzake. Mahali penye 3,000, mkurugenzi ni jina tu lililoandikwa ukutani. Mwaka wa 1974 ukatokea mgomo juu ya namna ya kupima kazi na mishahara. Chama kiliwafukuza viongozi 17 wa mgomo. Watu wa familia moja hawakusemezana, na jeraha lile lilikawia kupona. Padri alikuwa bado hai, akaona kwamba hata nyumba ya ushirika yaweza kuwa na mabwana na watumwa wa moyo, ikiwa watu hawasikilizani. Tangu hapo walijihadhari, wakaona afadhali vyama vingi vidogo kuliko kimoja kikubwa.

Mwanzo wa miaka ya 1980 shida kubwa ilishika viwanda vya Hispania. Hapo kiasi kilionyesha nguvu yake. Wanachama walikutana, wakapiga kura kujipunguzia mishahara wenyewe. Kiwanda kilichokosa kazi kiliwapeleka watu wake katika kiwanda kilicho nayo. Wakati maelfu na maelfu ya Wabaske walipokosa kazi, wanachama waliobaki bila kazi walikuwa wachache sana.

Lakini miaka ya baadaye mtoto yule wa kwanza, aliyeitwa sasa Fagor, alitaka kuwa mkubwa sawa na makompanyi ya dunia nzima. Alifungua na kununua viwanda nje ya nchi. Mwaka wa 2005 alinunua kompanyi kubwa ya Ufaransa, Brandt, akichukua deni zito. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya nje hawakuwa wanachama. Walikuwa watu wa mshahara tu, kama wale ambao padri alitaka kuwatoa katika hali hiyo. Mwaka wa 2008 Hispania ikaacha kujenga nyumba. Pasipo nyumba mpya, nani anunue jiko jipya? Na vitu vya bei nafuu vilikuwa vikitoka mbali. Vyama vingine vilimsaidia Fagor mara, tena mara. Mwishoni mwa mwaka wa 2013 wakasema: haiwezekani tena. Fagor akafilisika. Wako wazee waliopoteza akiba walizoziacha kiwandani kwa uaminifu.

Hatusemi kwamba deni peke yake lilimwua. Bahati mbaya nyingi zilikutana. Lakini mwenye nyumba ya nguzo zake mwenyewe hutikisika akapona, na mwenye nyumba ya nguzo za kuazima hutikisika akaanguka.

Na watu wake je? Karibu wanachama 1,900 katika nchi ya Wabaske walikuwa hatarini. Wengi walipokelewa katika vyama vingine, au walisaidiwa kupumzika mapema kwa mfuko wao Lagun Aro. Kumbe wale waliobaki katika kipimo ndio waliokuwa na mgongo wa kumbeba aliyeanguka.

7. Nasi je?

Nchi yetu si nchi ya Wabaske. Hatuna barabara zao, na vita vyetu havikuisha kwa miaka mitatu. Mtu akituambia tunakili kila kitu cha Mondragón, tusimsikilize. Hata hivyo wao nao walianza baada ya vita, wenye njaa, chini ya serikali isiyowapenda.

Sisi twajua akiba. Tuna likelemba, tuna COOPEC, tuna sanduku la shirika katika mitaa ya parokia. Twajua pia machozi yake. Tumeona chama cha watu thelathini kilichoanza vizuri, kikalima muhogo, kikauza. Mwaka wa pili mweka hazina akaonekana juu ya pikipiki mpya, na kitabu cha hesabu hakikuonekana tena. Watu wakasema: ushirika hauwezekani kwa Mwafrika. Sivyo. Haukuwezekana pasipo kiasi, kama vile haukuwezekana kwa Fagor.

Basi tujiulize mambo machache katika mikutano yetu. Je, kabla ya kukusanya fedha, tumekaa kujifunza? Wale vijana watano walijifunza miaka zaidi ya kumi kabla ya kutengeneza jiko la kwanza. Je, kila mwanachama aweza kukiona kitabu cha hesabu, hata mama asiyejua kusoma, akisomewa na mtoto wake? Je, kiongozi wetu anaishi kama sisi, au chama kimekuwa ngazi yake? Je, faida ya kwanza tutaila, au tutaiacha ifanye kazi?

Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema tusisaidiane. Walisema tusingoje mkono wa mwingine wakati wetu umelala. Masanduku yale ya Mondragón yalikuwa matupu yalipowekwa njiani. Watu wenyewe waliyajaza, kila mtu kwa kadiri alivyoweza.